Enameli inataka ukavu, dentini inataka ubichi: mwongozo kamili wa gundi ya meno

Bi mkubwa mmoja wa upande wa Wete aliwahi kuniletea kizibo cha jino kwenye fundo la kanga. Alilifungua fundo, akakitoa, akakiweka kiganjani mwangu kama anayenirejeshea chenji iliyozidi.

"Mwanangu, hiki chako kimetoka. Na nilikuwa nakula boflo tu, wala si mfupa."

Kizibo kilikuwa kizima, hakina hata ufa, na upande wa chini kinang'aa kama kioo. Zilikuwa zimepita wiki tatu tu tangu nikiweke. Kung'aa kule ndiko kulikonisuta. Kizibo kilichoshika jino hakitoki namna ile. Huvunjika, huacha vipande, hung'ang'ania. Hiki hakikuwahi kushika hata siku moja, kilikaa tu kama kifuniko cha chungu. Nikarudia hatua zangu kichwani nikaliona kosa. Siku ya kwanza, ili kumtuliza maumivu, nilimwekea ile dawa nyeupe inayochanganywa na mafuta ya karafuu. Aliporudi baada ya siku mbili niliikwangua harakaharaka, nikapaka gundi ya chupa moja bila kutumia asidi, nikawasha taa, nikajaza. Habari ya karafuu nitaifikia, maana kwetu visiwani ina uzito wake.

Mwongozo huu ni wa tabibu wa meno anayeanza kazi Unguja au Pemba, na msaidizi wake. Mgonjwa mdadisi naye atafaidika, khasa akitaka kujua kwa nini tunamsihi asifunge mdomo wakati yeye haoni kinachofanyika.

Vitu viwili ndani ya jino moja

Enameli, lile gamba gumu la nje, karibu lote ni madini: asilimia 96 ya uzito wake. Haina mshipa wala damu, na maji yake ni haba. Dentini iliyo chini yake ni kitu kingine kabisa. Kiasi cha asilimia 70 ni madini, 20 ni protini ambayo nyingi yake ni nyuzi za kolajeni, na 10 ni maji. Tena imetobolewa na vijimirija vinavyotoka kwenye moyo wa jino, ile nyama laini ya ndani yenye mishipa, kuelekea nje. Karibu na enameli kuna vijimirija kama 20,000 katika kila milimita moja ya mraba. Ukikaribia moyo wa jino hufika 45,000, na kila kimoja huwa kipana zaidi, kutoka chini ya mikromita 1 hadi mikromita 2.5 hivi. Ndani mwake mna majimaji yanayosukumwa kutoka ndani kuja nje. Kuchimba jino basi ni kama kuchimba kisima: kadiri unavyoshuka ndivyo chini panavyolowa.

Gundi yenyewe ni rezini, plastiki ya majimaji inayoganda kwa taa, na rezini na maji ni kama mafuta na maji. Enameli haina taabu, unaikausha basi. Dentini huwezi kuikausha ikabaki salama, na ukiiacha na maji mengi gundi haiingii. Makosa mengi niliyoyaona kwenye kazi hii, yakiwemo yangu, yanatokana na kuyatendea haya mawili kama ni kitu kimoja.

Jinsi enameli inavyoshikwa

Mwaka 1955 Michael Buonocore, daktari wa meno wa Rochester, New York, alijua kwamba viwandani chuma huoshwa kwa asidi ya fosforiki kabla ya kupakwa rangi ili rangi ishike. Akaijaribu kwenye enameli, asidi ya asilimia 85 kwa sekunde 30, na plastiki aliyoipaka juu yake ikashika kwa muda mrefu zaidi kuliko kwenye jino ambalo halikupakwa asidi. Leo tunatumia asilimia 37 hivi, lakini fikra ni ile ile.

Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe la matumbawe lina vitundu tele. Chokaa huingia mle, hugandia humo humo, na kuitoa ni mpaka uvunje. Asidi huifanya enameli laini iwe kama lile jiwe. Hula mikromita chache za juu, kisha huacha vishimo ambavyo rezini huzama ndani na kugeuka vijipembe vigumu mara taa ikiwashwa. Huo mshiko ni wa kimakanika, na ndio wa kuaminika kuliko wote tulionao. Ukingo wa kizibo ukizungukwa pande zote na enameli iliyochomwa vizuri kwa asidi, umeshapata nusu ya kazi.

Dentini na mwani

Kwenye dentini hadithi ilichelewa. Wengi waliogopa kwamba asidi itaua moyo wa jino. Takao Fusayama wa Japani alikuja na njia ya kupaka asidi enameli na dentini pamoja mwaka 1979, na mwaka 1982 mwenzake wa huko huko, Nobuo Nakabayashi, akaeleza kinachotokea: rezini hupenya katikati ya nyuzi za kolajeni, ikaganda, na kufanya tabaka ambalo ni nusu jino nusu plastiki. Tuliite tabaka mseto.

Kulielewa tabaka hilo, nenda Paje au Jambiani uangalie mwani. Maji yakijaa, mwani hutanuka na kusimama, unaweza kupitisha vidole katikati yake. Maji yakipwa, mwani ule ule hulala chali juu ya mchanga, umeshikana, hata kijiti hakipiti. Asidi ikiondoa madini ya dentini kwa kina cha mikromita 5 hivi, kolajeni hubaki uchi na kusimama kwa sababu ya maji tu. Ukiipuliza hewa kali ikakauka, nyuzi hulala. Gundi utakayopaka itapita juu yake kama maji juu ya jani la mgomba, na mgonjwa atarudi analia maumivu kila akinywa maji baridi, kwa kuwa vijimirija vimefunguliwa na asidi na hakuna kilichoviziba.

Mnamo 1992 John Kanca wa Marekani alionyesha kwamba dentini iliyoachwa na unyevu hushika vizuri zaidi kuliko iliyokaushwa. Tangu hapo tunaambiwa tuiache mbichi. Lakini mbichi kiasi gani? Iwe inang'aa kidogo kama ngozi iliyotoka kuoshwa, bila dimbwi hata moja pembeni. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia, na kila mtu humchukua miezi kukizoea.

Kuna na kitu cha tatu cha kukijua. Kekee ikikata jino huacha utando wa vumbi uliosagika, unene wa mikromita 1 au 2, umegandamana juu ya dentini na kuziba midomo ya vijimirija. Ama uuondoe, ama uupenye. Aina za gundi zinatofautiana hapo tu.

Njia tatu, na ninayoichagua

Njia ya kwanza ni asidi kila mahali kisha suuza. Inauondoa utando wote na enameli inaipenda, lakini dentini inakuwa mikononi mwako: sekunde tano za hewa kupita kiasi na mwani umelala.

Ya pili ni gundi inayojichimbia. Asidi imo ndani ya gundi yenyewe, haisuuzwi, hupenya utando na kupachika rezini papo hapo. Dentini haifunguliwi zaidi ya inavyohitaji kupenywa, kwa hiyo maumivu baada ya kuziba ni machache. Nyingi nzuri za aina hii zina molekuli iitwayo MDP, iliyobuniwa Japani na kampuni ya Kuraray mwanzoni mwa miaka ya 1980. Upande mmoja hushika kalisi ya jino kikemikali, upande wa pili huungana na rezini. Udhaifu wake ni enameli. Asidi yake ni ya upole, na enameli haisikii upole.

Ya tatu ni gundi ya yunivasali, ambayo unaweza kuitumia kwa njia yoyote kati ya hizo mbili.

Mimi nimetulia kwenye mchanganyiko: asidi ya fosforiki kwenye enameli pekee, kisha gundi ya yunivasali au ya kujichimbia juu ya vyote viwili. Kwa mazingira yetu, ambapo hewa yenyewe ina maji na msaidizi pengine yuko mmoja kwa viti viwili, nataka njia inayosamehe. Hatua zinazofuata zinaifuata njia hiyo. Wa kwanza wa kusikilizwa hata hivyo ni karatasi iliyo ndani ya boksi la gundi yako; muda wa kusugua na wa taa hutofautiana.

Kabla hujamwita mgonjwa

Anza na chupa. Gundi nyingi huandikwa zihifadhiwe kati ya nyuzijoto 2 na 25. Kiangazi cha kaskazi, Januari na Februari, chumba kisicho na kiyoyozi hupita hapo kabla ya saa nne asubuhi. Waliokuwa kazini Unguja mwaka 2008 umeme ulipokatika karibu mwezi mzima, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, wanajua friji inaweza kugeuka kabati. Gundi ya chupa moja ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu asidi, maji na rezini vimekaa pamoja na hulana polepole, joto likiharakisha. Kwa kituo cha shamba kisicho na friji ya uhakika mimi hupendekeza ile ya chupa mbili, ingawa ina hatua zaidi. Chupa iliyosafiri na meli kutoka Unguja kwenda Pemba ikiwa juu ya sitaha juani, usiione mpya kwa sababu boksi halijafunguliwa. Ikitoka kwenye friji iache robo saa ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo itatoka jasho. Andika kwa kalamu tarehe uliyoifungua.

Kisha kompresa. Hili halisemwi sana nami naliona kubwa kuliko chupa. Hewa yetu ya masika, unyevu wake mara nyingi hupita asilimia 80. Kompresa inaivuta, inaibana, na maji yanabaki tangini. Usipoyamwaga kila siku yatakuja kwenye bomba lako la hewa, pengine na mafuta ya mashine juu yake. Puliza hewa kwenye kioo kikavu cha mdomoni kwa sekunde kumi. Kikipata ukungu au alama ya mafuta, hujakausha jino lolote wiki nzima, umekuwa ukilipaka.

Mwisho taa ya bluu. Kiwashio kilicho ndani ya gundi nyingi, kamforikwinoni, husikia mwanga wa bluu wa urefu wa wimbi wa kama nanomita 470. Taa inayotoa miliwati 1,000 kwa sentimita ya mraba itamaliza kazi kwa sekunde 20. Iliyochoka ikashuka hadi 400 inataka mara mbili ya hapo au zaidi. Ncha yake ifutwe, maana kompositi, ile plastiki ya kujazia jino, ikigandia hapo ni pazia.

Hatua ya kwanza: kulitenga jino

Shuka ya mpira ndiyo bora. Najua wengi hawaitumii, na najua sababu: bei, muda, mgonjwa kuogopa. Lakini pumzi ya mdomo ni mvuke mtupu, na jino lililozungushiwa pamba tu liko chini ya mvuke huo muda wote. Kama mpira hakuna, weka pamba pande zote mbili, mashine ya kufyonza mate ifanye kazi bila kusita, na msaidizi asiondoke hata akiitwa. Pamba ikilowa ibadilishe kabla ya asidi, si baada yake.

Hatua ya pili: kusafisha, na suala la karafuu

Ondoa ubovu wote kwenye kingo mpaka ufikie jino zima na gumu. Chini, karibu na moyo wa jino, unaweza kuacha dentini iliyolainika kidogo kuliko kutoboa, lakini ukingoni usisamehe: dentini iliyoguswa na ubovu hushika kwa nguvu ndogo.

Sasa karafuu. Pemba ndiyo shamba kuu la karafuu la visiwa hivi, na pale Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda cha mafuta ya makonyo. Hakuna nyumba isiyojua kwamba jino likiuma unabana punje ya karafuu, na wazee hawakukosea. Kilicho ndani, yujinoli, ambayo ni sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, hutia ganzi na kutuliza. Ndiyo hiyo hiyo tunayochanganya na zinki oksidi kupata kizibo cha muda.

Tatizo liko kwenye mwanga. Taa inapowashwa, gundi huzalisha chembe zenye njaa zinazokamatana na kuifanya rezini iungane mnyororo kwa mnyororo. Yujinoli huzilisha zile chembe zikatulia kabla hazijaungana. Gundi inabaki laini chini, na juu yake kompositi imekuwa jiwe. Ndicho kilichompata bi mkubwa.

Kwa hiyo muulize kila mgonjwa kwa adabu, "Bibi, umeweka karafuu au mafuta yake?" Punje ya karafuu haina madhara makubwa, suuza, na kekee itaondoa sehemu iliyogusa. Dawa nyeupe ya yujinoli ndiyo ya kuhofia, kwa sababu hukaa na kuingia kwenye dentini. Ukijua tangu mwanzo kwamba utaziba kwa kompositi, tumia kizibo cha muda kisicho na yujinoli, au glasi ayonoma, saruji ya meno nitakayoieleza mwishoni. Ukikuta imeshawekwa, acha ipite angalau wiki, itoe kwa kekee badala ya kuikwangua, sugua shimo kwa unga wa pamisi na maji, na siku hiyo tumia asidi ya fosforiki hata kwenye dentini, ili utando uliochafuka uondoke pamoja na maji. Gundi ya kujichimbia peke yake ingeuacha uchafu ule pale pale na kuufanya sehemu ya gundi.

Jino lililosafishwa mizizi kwa dawa ya kupaushia nalo lina shida inayofanana, kwa kuwa oksijeni inayobaki huzuia rezini kuganda. Vivyo hivyo meno yaliyong'arishwa: subiri wiki mbili.

Hatua ya tatu: asidi kwenye enameli

Weka jeli kwenye ukingo wa enameli tu, kwa sindano nyembamba, sekunde 15 hadi 30. Ikiteleza kidogo ikagusa dentini usipatwe na wasiwasi, lakini dentini isizidi sekunde 15. Mgonjwa aliyekulia Arusha au sehemu nyingine za bara zenye floraidi nyingi majini, enameli yake hustahimili asidi, mwongezee muda.

Suuza kwa maji mengi sekunde 15 kamili. Hapa nina neno la Ramadhani: mgonjwa aliyefunga huogopa maji yasimshuke, nawe kwa kumhurumia unasuuza nusu nusu. Jeli iliyobaki itakuharibia kazi. Kama si dharura mimi humpa nafasi baada ya futari, sote tukapumua.

Kausha. Enameli iliyochomwa vizuri hugeuka nyeupe butu kama chaki. Usipouona weupe huo rudia. Mate yakigusa sasa hivi, suuza, weka asidi tena sekunde 10, suuza, kausha. Kuyafuta kwa pamba ni kujidanganya, kwani protini ya mate imeshaziba vile vishimo.

Dentini ya chini ilindwe wakati unakausha: puliza kwa pembeni, au iguse kwa kipande cha pamba kikavu badala ya hewa.

Hatua ya nne: gundi

Dondosha gundi wakati unaihitaji, wala si wakati unaandaa meza. Ndani yake mna asetoni au spiriti ambayo kazi yake ni kuyafukuza maji na kuivuta rezini ndani. Kwa joto letu tone lililoachwa wazi dakika mbili limeshageuka kitu kingine. Funga chupa mara moja.

Sugua, usipake. Brashi ndogo izunguke kwa nguvu kidogo kwenye dentini na enameli sekunde 20, ukiongeza gundi mbichi katikati. Kusugua ndiko kunakoipeleka molekuli mpya kwenye jino na kuitoa iliyokwisha kazi.

Halafu hewa, na hapa subira inahitajika. Anza kwa pumzi ndogo ukiongeza polepole, sekunde 5 hadi 10, mpaka uone utando uliotulia usiotembea tena na unaong'aa sawasawa. Kama bado unacheza mawimbi, spiriti na maji vimo ndani, na vitabaki viputo milele. Katika masika naongeza sekunde, kwani hewa iliyoshiba maji haina pa kuyaweka mengine. Pembe za shimo ziangaliwe: gundi hupenda kujikusanya kule kama maji ya mvua kwenye kona ya baraza.

Usiiguse kwa kidole. HEMA, kemikali iliyomo kwenye gundi nyingi, hupita kwenye glavu kwa dakika chache tu, na vidole vikishaanza kuwasha kwa mzio huo, haviachi.

Hatua ya tano: taa, kisha kompositi

Taa sekunde 10 hadi 20, ncha karibu iwezekanavyo, jicho lako likiwa nyuma ya kinga ya rangi ya machungwa. Juu patabaki utando wa kunata kidogo. Oksijeni ya hewa imezuia pale pasigande. Usiufute, ndio utakaoungana na kompositi.

Kompositi ikiganda husinyaa, asilimia 2 hadi 5 ya ujazo wake, na inaposinyaa huvuta kuta za jino. Shimo lenye kuta tano zilizoshikwa na uso mmoja tu ulio huru ndilo baya zaidi, kwani kompositi haina pa kujinyoosha. Kwa hiyo weka tabaka nyembamba ya kompositi laini chini, halafu tabaka za milimita 2 zilizoegemea ukuta mmoja mmoja, taa kila moja. Anayejaza yote mara moja kwa kompositi ya kawaida anaiambia gundi ishinde mvutano ambao haukuwa na lazima.

Maliza kwa karatasi ya kupimia mng'ato. Kizibo kilichoinuka hata kwa unene wa unywele hupigwa mara elfu kwa siku.

Kuna pia wanaosafisha dentini kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 2, sekunde 30, baada ya kusuuza asidi na kabla ya gundi, ili kuvizuia vimeng'enya vya dentini yenyewe vinavyokula kolajeni iliyobaki uchi. Maabara inaisifu zaidi kuliko vinywa vya wagonjwa. Mimi huifanya ninapotumia asidi kwenye dentini, kwa kuwa bei yake ni ndogo.

Pakishindikana kukauka

Shimo limeshuka chini ya ufizi, damu inachuruzika, mtoto analia, umeme umekwenda. Weka gundi chini. Glasi ayonoma, iliyotokana na kazi ya Alan Wilson na Brian Kent huko London mwanzoni mwa miaka ya 1970, hushika kalisi ya jino bila taa wala gundi, na unyevu kidogo hauiogopeshi. Safisha kwa asidi ya poliakriliki sekunde 10 hadi 20, suuza, acha pawe na ubichi, jaza, paka mafuta ya mgando juu. Njia ya kuziba kwa vifaa vya mkono bila kekee, ambayo leo inatumika duniani, ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Nguvu yake ya kushika ni ndogo kuliko ya rezini iliyofanywa vizuri. Ni kubwa kuliko ya rezini iliyolowa mate.

Kukisoma kizibo kilichotoka

Mgonjwa akikuletea kizibo usikitupe. Kiangalie chini ya taa. Kikiwa kimevunjika, nusu imebaki kwenye jino, gundi haina kosa. Tafuta kwenye mng'ato au unene wa kompositi. Kikitoka na vipande vya jino, gundi imeshika kupita jino lenyewe. Upande wa chini ukiwa na alama za kekee zimejichora wazi, gundi iliganda kwenye kompositi ikakataa jino: mate, mafuta ya kompresa, au dentini iliyokauka. Ukiwa laini, unang'aa na ukiukwangua kwa ncha unachimbika, gundi haikuganda. Hapo uliza taa, uliza chupa, uliza karafuu.

Cha bi mkubwa kilichimbika kwa ncha. Nilimwomba radhi, nikamwekea glasi ayonoma ya muda, akarudi siku kumi baadaye. Safari hii nilitumia kekee, pamisi, asidi hadi kwenye dentini, na mpira ambao aliulalamikia kwamba unanuka kama tairi. Alipomaliza aliuliza kama sasa anaruhusiwa karafuu. Nikamwambia kwenye pilau, ndiyo.